Sauti Iliyopita Udongoni

Mwanzoni mwa Januari 1902, mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch alisimama nje ya mji mdogo wa Murray, magharibi mwa jimbo la Kentucky, akiwa na nondo mbili, waya na visikilizio vya simu. Mwenyeji wake alikuwa amemwambia achague mwenyewe mahali pa kuzichomeka. Akazichomeka ardhini, akaweka visikilizio masikioni, akasubiri. Hapakuwa na nguzo, wala waya wowote uliokwenda mjini. Kisha akasikia sauti ya mvulana ikihesabu moja hadi kumi. Ikanyamaza, ikapiga mluzi, na baada ya mluzi kikafuata kinanda cha mdomo.

Mvulana huyo alikuwa Bernard Stubblefield, naye alikuwa nyumbani kwao, umbali wa takriban maili moja. Chombo kilichobeba sauti yake kilikuwa kimetengenezwa na baba yake, Nathan Stubblefield, mkulima wa matunda na matikiti.

Kinanda hicho cha mdomo kimekaa kichwani mwangu kwa wiki kadhaa.

Ninaishi Kentucky, jimbo ambalo siku hizi Kiswahili husikika madukani na makanisani, hasa Lexington, Louisville na Bowling Green, kwa sababu ya ndugu zetu Wakongo waliopewa makazi hapa. Huku utaambiwa mapema kwamba redio ilizaliwa Murray. Ukiwauliza wahandisi, watakujibu kwa upole kwamba haikuzaliwa huko, na kwamba kile alichokitengeneza Stubblefield hakikuwa redio. Nimesoma hataza zake, yaani hati za serikali za kumiliki uvumbuzi, na taarifa za magazeti ya wakati ule, na ninakubaliana na wahandisi. Hata hivyo, kila nilipokubaliana nao nilihisi kwamba kuna jambo tumelifunika pamoja na dai lile la uongo, na kwamba jambo lenyewe ni kubwa kuliko ugomvi wa nani alitangulia.

Fundi asiye na fundi mwenzake

Stubblefield alizaliwa Murray mwaka 1860, mtoto wa wakili. Alifiwa na mama akiwa bado mdogo, na baba akafariki mwaka 1874, kabla kijana hajafika umri wa kujitegemea. Hakupita chuo chochote. Elimu yake ya umeme aliichota katika magazeti ya sayansi yaliyofika mjini, akisoma habari za watu waliokuwa na maabara, wasaidizi na fedha, kisha akirudi kwenye ardhi yake kujaribu kwa vitu alivyoweza kununua katika duka la vyuma.

Hataza yake ya kwanza, ya mwaka 1885, ilihusu kifaa cha kuwashia taa ya mafuta bila kuondoa chemni. Ninaipenda hataza hiyo kwa udogo wake. Aliyewahi kushika chemni yenye moto anajua ilitoka katika tatizo gani.

Ya pili, ya mwaka 1888, aliipata pamoja na Samuel Holcomb, mkazi mwenzake. Hii ilikuwa simu isiyotumia umeme kabisa, ya namna ile ile tuliyoichezea utotoni kwa makopo mawili na uzi, ila kwa waya uliovutwa vizuri na viwambo vilivyotengenezwa kwa ustadi. Mtu akizungumza upande mmoja, kiwambo hutetemeka, waya hubeba mtetemo, na kiwambo cha upande wa pili huurudisha kuwa sauti. Stubblefield aliuza na kufunga simu hizo Murray na katika miji mingine, zikiunganisha duka na nyumba ya mwenye duka, au ofisi na ghala. Lakini huduma ya simu za Bell ilipofika, biashara hiyo ilikosa nafasi, kwa kuwa waya wa mtetemo unaunganisha watu wawili tu na hauwezi kupinda kona bila kupoteza sauti, wakati simu ya umeme iliweza kumfikia yeyote aliyeunganishwa.

Kisha ikaja betri ya mwaka 1898, na hapa ningependa tukae kidogo.

Alichukua bolti ya chuma akaizungushia nyaya mbili kwa pamoja, ubavu kwa ubavu. Mmoja ulikuwa wa chuma, mtupu, bila kifuniko. Mwingine ulikuwa wa shaba, umevikwa uzi wa pamba. Kati ya tabaka moja na jingine aliweka kitambaa. Mzigo huo ukifukiwa katika udongo wenye unyevu, au ukitumbukizwa majini, pamba na kitambaa hulowa, chuma na shaba hukutana kupitia maji, na umeme mdogo huanza kupita. Kwa kuwa nyaya zilikuwa zimezungushwa juu ya bolti, kitu hicho hicho kilikuwa pia koili yenye sumaku ndani yake. Betri na koili vilikuwa mwili mmoja, na huo ndio ubunifu alioombea hataza.

Watu wa wakati wake walisema kwamba alivuna umeme wa ardhi, na wapo wanaosema hivyo hadi leo. Nishati haikutoka ardhini. Ilitoka katika chuma chenyewe, kilichokuwa kikiliwa polepole, na siku chuma kikiisha betri inakuwa imekufa. Udongo ulichangia unyevu na chumvi zake. Lakini nikijiweka mahali pake, mtu anayefukia waya shambani jioni na kukuta asubuhi kwamba kengele inalia, ninaona jinsi ambavyo angeanza kuiamini ardhi kuliko inavyostahili. Na imani hiyo ndiyo iliyomwongoza katika hatua iliyofuata: kama ardhi inatoa umeme, basi huenda inaweza pia kubeba sauti.

Na kweli iliibeba.

Alichokisema kando ya Potomac

Siku ya Mwaka Mpya 1902 alikionyesha chombo chake kwa wenyeji katika uwanja wa mahakama wa Murray. Tarehe 20 Machi mwaka huo huo alikuwa Washington, akiionyesha simu yake isiyo na waya katika Mto Potomac. Ndani ya meli ya mvuke iliyoitwa Bartholdi kulikuwa na chombo kimoja, nyaya zake zikishushwa majini, na ufukweni kulikuwa na wasikilizaji. Sauti ilisikika.

Wanaotaka kumpa taji la redio huishia hapo, kwenye kusikika kwa sauti. Lakini sauti ya binadamu ilikuwa imekwisha kupita hewani bila waya katika mto huo huo, chini zaidi, kabla yake. Tarehe 23 Desemba 1900, mvumbuzi Reginald Fessenden alizungumza kwa mawimbi ya redio kati ya milingoti miwili katika Cobb Island, umbali wa kilomita 1.6, akimwuliza msaidizi wake Thiessen kama theluji ilikuwa ikianguka upande wake. Sauti ilikuwa na kelele nyingi, lakini yalikuwa mawimbi kamili, aina ile ile inayotufikia leo. Wiki chache kabla ya onyesho la Murray, mvumbuzi wa Kiitaliano Marconi naye alikuwa ametangaza kwamba amepokea Newfoundland herufi S ya Morse iliyorushwa kutoka Uingereza. Kwa kipimo cha kutangulia, mkulima wetu hana nafasi.

Jambo lililonisimamisha ni maneno aliyowaambia waandishi wa habari siku hizo za Washington. Alisema kwamba chombo chake kingeweza kupeleka ujumbe kwa watu wengi kwa pamoja, kutoka kituo kimoja cha kati, hadi eneo pana sana. Kila mwenye kisikilizio na kengele angeweza kuitwa na kupewa habari za hali ya hewa kutoka Washington au mahali pa karibu zaidi. Aliongeza kwamba hatimaye kingetumika kutangaza habari za kila aina.

Nilisoma maneno hayo, nikayarudia.

Mwaka 1902 karibu kila mtu aliyeshughulika na mawasiliano bila waya aliwaza habari ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Marconi aliuza huduma kwa meli. Majeshi ya majini yalitaka siri. Kwa wote hao, kusikika na kila mtu kulikuwa kasoro kubwa iliyopaswa kutibiwa, na fedha nyingi zilitumika kutafuta namna ya kuiondoa. Stubblefield alikuwa na chombo chenye kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa yeyote aliyechomeka nondo karibu angesikia. Yeye aliitazama akaona ndani yake kazi ambayo simu haikuweza kuifanya: kumwambia kila mkulima, kwa wakati mmoja, kwamba baridi inakuja.

Ninaamini kwamba wazo hilo lilitoka Murray kwa sababu ya Murray. Kaunti ya Calloway ni nchi ya tumbaku, na mkulima wa tumbaku anaishi kwa kutazama mbingu. Mwaka 1902 ndio pia mwaka ambao Posta ya Marekani iliifanya kuwa ya kudumu huduma ya kupeleka barua hadi mashambani, baada ya majaribio yaliyoanza 1896. Kabla ya hapo mtu wa shamba alifunga safari hadi mjini ili kujua kama ameandikiwa. Aliyeishi katika hali hiyo hakuhitaji kuelezwa thamani ya habari inayomfuata mtu mahali alipo. Mhandisi wa jiji, ambaye gazeti lilimfikia asubuhi na jioni, angehitaji kubuni tatizo hilo kwanza kabla ya kulitatua.

Ilipita miaka 18 kabla kituo cha KDKA cha Pittsburgh hakijatangaza matokeo ya uchaguzi tarehe 2 Novemba 1920, tukio ambalo wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa utangazaji wa kibiashara Marekani. Nairobi ilipata matangazo ya redio mwaka 1928. Sisi tuliokua katika nyumba ambamo taarifa ya habari ikianza kila mtu anatakiwa kunyamaza, na ambamo msiba wa ukoo wa mbali ulijulikana kwa matangazo ya vifo redioni kabla ya barua yoyote kufika, tunakijua kitu hicho alichokieleza kuliko wengi wanaobishana kuhusu hataza zake.

Udongo wa New York

Baada ya Washington, chombo kilionyeshwa Philadelphia tarehe 30 Mei 1902, na mambo yalikwenda vizuri. Juni kikapelekwa New York, na huko hakikufanya kazi ipasavyo.

Kwa muda mrefu nililisoma tukio hilo kama mkosi tu. Sasa ninaona kwamba ndilo linaloeleza kila kitu.

Ukichomeka nondo mbili ardhini na kupitisha mkondo wa umeme kati yake, mkondo haupiti katika mstari mmoja. Unasambaa, na sehemu ndogo hutawanyika mbali pande zote. Mtu aliye mbali akichomeka nondo zake mbili, hunasa kipande kidogo sana cha mtawanyiko huo, na kisikilizio kizuri hukigeuza kuwa sauti. Hakuna wimbi linaloondoka na kusafiri lenyewe. Ndiyo maana ishara hufifia kwa kasi ya kutisha: umbali ukiongezeka mara mbili, kinachobaki ni takriban sehemu moja ya nane. Wimbi la redio, likiisha kujitenga na mlingoti, hubakiwa na nusu ya nguvu ya ishara kwa nyongeza ile ile ya umbali. Katika maili moja tofauti hiyo inaweza kuzibwa kwa betri kubwa na nondo zilizotenganishwa zaidi. Katika maili mia moja haizibiki.

Ishara dhaifu kiasi hicho inahitaji ukimya. Murray ya mwaka 1902 ilikuwa na ukimya huo, kwa kuwa hapakuwa na tramu wala mitambo mikubwa ya umeme iliyovujisha mikondo yake udongoni. New York ilikuwa na mwamba chini na jiji lenye umeme juu. Mkondo wa jiji ulizama ardhini na kuingia katika visikilizio kama kelele, ukamfunika mzungumzaji.

Kwa hiyo uvumbuzi huu ulihitaji shamba ili ufanye kazi. Udongo mtulivu na wenye unyevu wa Kentucky ulikuwa sehemu ya chombo sawasawa na bolti na shaba, na sehemu hiyo haikuweza kufungwa sandukuni na kupandishwa treni. Kila mji uliowashwa umeme ulikuwa unapunguza eneo ambalo simu hiyo ingeweza kutumika. Sijui kama Stubblefield aliliona jambo hilo katika sura hiyo, lakini alirudi nyumbani, na hakuonyesha tena chombo cha nondo katika jiji kubwa.

Mlango wa Preece

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba alishindwa kwa sababu alikuwa mtu wa kijijini asiyesoma. Nilikuwa tayari kuyakubali mpaka nilipomkumbuka William Preece.

Preece alikuwa mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, mwenye mafundi, bajeti na heshima zote. Yeye pia alipita njia ile ile. Mwaka 1892, katika mlango bahari wa Bristol, aliwasiliana bila waya kati ya Lavernock Point na kisiwa cha Flat Holm, umbali wa zaidi ya kilomita tano, kwa kutumia umeme unaoathiri waya wa mbali na unaopita katika maji na ardhi. Ili afanikiwe alilazimika kutandaza juu ya nguzo, sambamba na pwani, waya wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Elimu yake haikubadilisha kanuni ya asili. Ukitaka kufika mbali zaidi kwa njia hiyo, lazima waya wako uwe mrefu zaidi, na kisiwa kidogo hakina nafasi ya waya mrefu.

Tofauti ni kilichotokea baadaye. Mwaka 1896 kijana Marconi alifika London na vifaa vyake, akapelekwa kwa Preece. Mwezi Mei 1897, Marconi alirusha mawimbi yake juu ya maji yale yale ya Lavernock na Flat Holm, Posta ikimsaidia. Preece aliiona njia nyingine ikipita njia yake mwenyewe, na ilifanyika hivyo kwa sababu yeye alikuwa amemkaribisha mgeni.

Stubblefield hakuwa na mgeni wa namna hiyo, na kwa kiasi fulani aliwafukuza wageni. Wazee wa Murray walimkumbuka kama mtu aliyelinda nyumba na mitambo yake kwa ukali, asiyeruhusu mtu kusogea karibu na nyaya zake, aliyekuwa na hakika kwamba wezi wa mawazo wako njiani. Hofu hiyo siwezi kuidharau. Ninawafahamu mafundi wa nyumbani kwetu wanaofunika mashine zao kwa turubai kila anapopita mtu mwenye kalamu, na wengi wao wana sababu. Mtu asiye na wakili wala mtaji ana siri peke yake kuwa mali, na ukimwambia aifungue unamwambia atoe kila alicho nacho.

Lakini siri ilimgharimu kitu ambacho hataza haiwezi kurudisha. Katika miaka yote ya 1890, wakati majarida yalikuwa yakijadili kazi ya Hertz, mwanafizikia aliyethibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio, hakuwa na mtu wa kukaa naye mezani na kumwambia: sauti yako inaisha haraka kwa sababu haijawahi kuiacha ardhi. Pengine asingesikiliza. Pengine angesikiliza, kwa maana alikuwa na mikono ya kujenga chochote alichokielewa. Nimelipindua swali hili mara nyingi, na kila mara ninabaki nikimhurumia kuliko kumlaumu.

Karatasi za hisa

Hofu yake ilipata ushahidi mwaka ule ule wa 1902. Iliundwa kampuni iliyoitwa Wireless Telephone Company of America, yenye makao ya biashara mbali na Murray, na jina la Stubblefield likatumika kuuza hisa kwa umma. Maonyesho ya Washington na Philadelphia, ambayo yeye aliyaona kama uthibitisho wa kazi yake, kwa wauza hisa yalikuwa matangazo. Alipotambua kwamba watu walikuwa wakichukuliwa fedha kwa ahadi ambazo chombo hakingeweza kuzitimiza, aliwaandikia washirika wake kwa hasira, akajitenga nao.

Hilo ni jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka, nami ningependa lisipitwe. Angeweza kunyamaza. Hisa zilikuwa zikiuzwa, na biashara ya hisa za mawasiliano bila waya iliendelea kunawiri kwa miaka mingi baada yake, hadi serikali ilipoanza kuwashtaki wahusika. Wakuu wa kampuni nyingine, United Wireless, walitiwa hatiani mwaka 1911 kwa udanganyifu wa aina hiyo. Mkulima mwenye familia kubwa na fedha kidogo aliondoka mapema, kabla ya polisi kufika kwa yeyote, akarudi kwenye matikiti yake.

Hakuacha kufanya kazi. Tarehe 12 Mei 1908 alipata hataza ya simu isiyo na waya, namba 887,357, baadhi ya wenyeji wa Murray wakiwa wamechangia fedha. Safari hii aliziacha nondo. Alitumia koili kubwa za waya, moja ikiathiri nyingine kwa sumaku kupitia hewa, na alichokusudia kilikuwa mawasiliano kati ya vituo na vyombo vinavyotembea: waya unatandazwa kandokando ya njia, na chombo kinachopita kikiwa na koili yake kinaweza kuzungumza na kituo. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, Ford ilianza kuuza gari la Model T. Kwa mara ya pili alikuwa ameliona hitaji sawasawa, na kwa mara ya pili njia aliyoichagua ilifungwa na kanuni ile ile ya kufifia haraka. Waliochangia hawakupata kitu.

Katika miaka hiyo hiyo alifungua kwenye ardhi yake shule ndogo ya ufundi. Sijui niiweke wapi habari hiyo katika picha ya mtu aliyefukuza wageni. Mtu huyo huyo aliyeficha nyaya zake asizione jirani aliwaita vijana waje wajifunze. Ninashuku kwamba kilichomtisha kilikuwa kuchukuliwa, na kwamba kufundisha, ambako ni kutoa kwa hiari, hakukumtisha kamwe.

Shule haikudumu. Familia ilitawanyika, mke akaondoka, nyumba na ardhi vikapotea. Miaka yake ya mwisho aliishi peke yake katika kibanda karibu na Almo, kaskazini mwa Murray, akiendelea na majaribio ambayo hakumweleza mtu. Mwishoni mwa Machi 1928 alikutwa amekufa humo, akiwa na umri wa miaka 67. Inasimuliwa kwamba alikufa kwa njaa. Wakati huo kulikuwa na redio katika mamilioni ya nyumba za Marekani, zikitangaza kutoka vituo vya kati hadi maeneo mapana, hali ya hewa ikiwemo.

Jiwe la mwaka 1930

Jina lake lingeweza kuishia katika kibanda hicho. Halikuishia humo kwa sababu ya L. J. Hortin, mwalimu wa uandishi wa habari katika chuo cha Murray, ambaye pamoja na wanafunzi wake waliwatafuta watu waliomfahamu marehemu, wakakusanya kumbukumbu na karatasi, wakaandika. Mwaka 1930 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa chuoni, mahali ambapo sehemu yake iliwahi kuwa shamba la Stubblefield, na mji ukajitangaza kuwa mahali pa kuzaliwa kwa redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gavana wa Kentucky naye alitoa tamko la kumtambua kuwa mvumbuzi wa kweli wa redio.

Ushahidi mkubwa wa dai hilo ni kumbukumbu ya Rainey T. Wells, mmoja wa waasisi wa chuo, aliyesema kwamba mwaka 1892 Stubblefield alimpa kisikilizio, akamwambia aende mbali kidogo, na Wells akasikia akiitwa kwa jina. Ni kumbukumbu iliyotolewa miongo mingi baada ya tukio. Hata tukiikubali kwa kila neno, inatuambia kwamba sauti ilifika. Haituambii ilifika kwa njia gani, na hataza zake mwenyewe zinaeleza njia ambayo haikuwa ya mawimbi.

Hapa ndipo ninapokwama kweli. Hitimisho la Hortin ninalipinga. Lakini bila Hortin nisingekuwa na kitu cha kupinga. Kama angeandika kwa uangalifu wote kwamba mkulima mmoja wa Calloway alipeleka sauti maili moja kupitia udongo, kwa njia ambayo wengine pia waliijaribu na ambayo haikuwa na mustakabali, nani angechangia jiwe? Nani angemtafuta Wells? Nani angehifadhi picha za familia na barua za mwaka 1902? Dai lililozidi kipimo lilizilinda karatasi, na karatasi hizo ndizo zinazotuonyesha kwamba dai lilizidi kipimo. Sijapata namna ya kuiondoa hali hiyo, wala sidhani kwamba wanafunzi wale waliojitolea kuokoa jina la mtu aliyekufa peke yake wanastahili kukemewa.

Ninachokiomba ni kidogo. Dai la kwamba alivumbua redio linamweka Stubblefield katika shindano na Hertz, Fessenden na Marconi, shindano ambalo atashindwa kila litakapoendeshwa kwa haki, na kila akishindwa msomaji anaondoka akidhani kwamba amesoma habari za mzee aliyejidanganya. Wakati huo huo, sentensi zile za Washington kuhusu kituo cha kati na watu wanaoletewa habari hazisomwi, kwa sababu hazisaidii upande wowote wa ugomvi.

Mwaka 1948 Murray ilipata kituo chake cha redio. Kilipewa jina WNBS, herufi tatu za mwisho zikiwa za Nathan B. Stubblefield. Naiona heshima hiyo kuwa sahihi kuliko maandishi ya jiwe, kwa sababu kituo hufanya kazi ile aliyoieleza, katika kaunti ile aliyoielezea, na hakilazimishi mtu yeyote kusema kwamba mawimbi yake yalipatikana kwa bolti na waya wa shaba shambani mwa matikiti.